Uso Wangu Unapofurahi

Ishiara, Mbeere Kaskazini
19 Agosti 2024

Kwako Mama Mutwiri,

Nakusalimu kwa heshima. Natumai umeamka vizuri, na kwamba lile goti lililokusumbua ukishuka garini siku ile limepoa. Mimi ni mzima. Mama yangu ni mzima, ila hali chakula vizuri. Baba ni mzima, ila haongei na mtu.

Ninakuandikia kwa sababu simu inanishinda. Kwenye simu mtu akinyamaza sijui kama anafikiri, amekasirika au mtandao umekatika, na ninapoanza kutafuta jibu yeye tayari yuko kwenye swali lingine. Kwenye karatasi naweza kukaa na neno mpaka nilielewe. Nimeandika Kiswahili kwa sababu Kimeru chenu sikijui, na Kimbeere chetu najua hukijui. Bahasha hii naipeleka ofisi ya vifurushi, wataishusha Kianjai karibu na kibanda chako. Mutwiri hajui kwamba nimeandika.

Nataka kukuuliza swali moja. Nilikosea wapi?

Ninayoyakumbuka ni haya. Mlifika kwetu Jumamosi ile mkiwa na mzee Kiunga, ndugu ya marehemu baba yake Mutwiri, na wanawake wa ukoo wenu, na debe la asali. Wazee waliongea sana. Halafu nikaitwa nitoke nyumbani, nikapewa kibuyu cha uji mbele ya watu wote, na Baba akaniuliza kama binti yeyote wa kwetu anavyoulizwa: "Kaari, wageni hawa unawajua? Tunywe?" Nikasema, "Nawajua. Kunyweni." Nikaonja, nikampa Baba, naye akanywa. Jibu hilo nilikuwa nimelifanyia mazoezi wiki nzima nikiwa kwenye mashine yangu ya kufuma.

Kisha ukaja, ukanishika mikono yote miwili, ukatabasamu, ukasema, "Mungu akutunze, mtoto wangu." Nikaingia ndani nikamwambia Mama, "Amenipenda." Jioni mkaondoka, na debe la asali likiwa bado ndani ya gari lenu. Kwetu asali ikirudi na wenyewe, hata mtoto anajua maana yake. Baada ya siku chache mzee Kiunga akampigia Baba, akasema familia inataka kufikiri kidogo. Mutwiri anasema ni wewe uliyekataa asali isishushwe, na kwamba ukiulizwa sababu unasema, "Nimeona nilichoona."

Uliona nini, Mama Mutwiri? Kama ni uji ulikuwa na madonge, niliukoroga mimi, nitaomba radhi. Kama ni neno, niambie ni lipi. Mimi nilifikiri mtu aliyekasirika hatabasamu.

Mimi mtoto wa Wambeti,
Kaari


Kianjai
28 Agosti 2024

Kaari mtoto wa Wambeti,

Muga! Ndivyo tunavyosalimiana huku Tigania, na wewe ukijibu unasema hivyo hivyo, Muga. Mimi niko salama. Goti ni goti tu, limeamua kuzeeka kabla yangu. Kathambi, rafiki yangu tunayeuza naye, anakusalimu ingawa hajakuona. Yeye ndiye aliyeipokea bahasha yako, na ilibidi nimnyang'anye kabla hajaifungua.

Barua! Mara ya mwisho kupata barua yenye jina langu ilikuwa ya mwalimu mkuu, Mutwiri amevunja kioo cha darasa. Yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia la njahi, wateja wakaningoja.

Sasa umeniuliza waziwazi, nami nitakujibu waziwazi, ingawa si tabia yetu wanawake wa huku. Hukukosea neno. Uji ulikuwa mzuri, niliongezewa. Ni uso wako.

Mimi nimeuza nafaka hapa Kianjai tangu Mutwiri akiwa mgongoni. Mteja akija, kabla hajafungua mdomo najua kama amekuja kununua au amekuja kushikashika maharagwe yangu. Najua mwanamke aliyegombana na mzee wake asubuhi kwa jinsi anavyoangalia gorogoro nikipima. Uso wa mtu haunidanganyi. Na siku ile nilikutazama tangu ulipotoka mlangoni. Mutwiri akakuchekea, hukumchekea. Wasichana wenzako wakaimba, hukugeuka. Macho chini, mdomo umefungwa kama mtu anayemeza dawa chungu. Ukasema "Kunyweni" kwa sauti ya mtoto anayesoma ubao. Nikajiambia, Gladwell, huyu mtoto wa watu hataki. Amelazimishwa.

Tabasamu langu lilikuwa la huruma. Ulitaka nikulilie mbele ya baba yako? Nilikuwa nakuaga, mtoto wangu, sikuwa nakukaribisha.

Sababu sikumwambia mtu yeyote, baba yako asije akakufokea. Na nikuambie hili pia. Niliapa zamani sana, hata kabla Mutwiri hajaota meno, kwamba hakuna msichana atakayeingia boma langu akiwa na uso ule. Kwa nini niliapa, hayo ni yangu. Kwa hiyo usiogope. Kama wamekulazimisha niambie mimi, nitabeba lawama yote. Mutwiri atalia, halafu atapona.

Wasalimie wazazi wako. Kula, uongeze mwili kidogo.

Mama Mutwiri


Ishiara
4 Septemba 2024

Mama Mutwiri,

Muga. Nimelitamka kwa sauti nikiwa peke yangu, sijui kama nimelipata. Natumai goti limebadilisha nia. Sisi tuko salama, jua tu ndilo kali.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kwanza nilicheka, halafu nikalia, halafu nikarudi kumalizia sweta za shule ninazofuma. Mama Mutwiri, hakuna aliyenilazimisha. Ile ndiyo siku niliyofurahi kuliko zote. Nampenda Mutwiri tangu alipokuja kutengeneza umeme pale ninapofanyia kazi, akaniuliza, "Unataka niongee nikifanya kazi, au ninyamaze?" Hakuna fundi aliyewahi kuniuliza hivyo. Hakuna mtu.

Uso ulioona ndio uso wangu wa furaha. Furaha ikiwa ndogo, nacheka kama watu wengine. Ikiwa kubwa, yote inaingia ndani na uso unabaki mtupu, kama sebule ambayo watu wote wamekwenda jikoni. Naogopa hata kukuandikia hivi, kwa sababu najua ni vigumu kuamini.

Nina usonji. Najua watu wakisikia neno hilo wanafikiria mtoto asiyeongea. Wapo hao, na sisi wengine tupo pia, tunaofuma sweta na kuongea sana tukishaanza. Nilijua nikiwa mtu mzima. Tulimpeleka mtoto wa dada yangu kupimwa Embu mjini, na kila swali ambalo daktari aliuliza juu ya mtoto, mimi nilikuwa najijibia kimoyomoyo. Mwishowe nikamwambia yule daktari, naye akanipangia siku yangu. Mutwiri anajua tangu mwanzo. Hakukuambia kwa sababu nilimwomba niseme mwenyewe, na mimi sikujua niseme lini.

Kuna jambo ambalo daktari alinieleza, nami sijalisahau. Watu husema wenye usonji hatujui kusoma nyuso. Ni kweli kwa kiasi, wengine zaidi na wengine kidogo. Mimi kicheko kikubwa nakiona, na hasira kubwa naiona. Kinachonipita ni vile vidogo, kona ya mdomo inayopanda kidogo tu, nyusi zinazosogea na kurudi. Tabasamu lako nililiona, ila huruma iliyokuwa ndani yake haikunifikia. Lakini daktari akasema kwamba upande wa pili nao ni hivyo hivyo. Nyuso zetu nyingi zina mwendo wake, na watu wasio na usonji wakizisoma wanakosea pia. Tofauti ni kwamba wao hakuna anayewaambia wana shida ya kusoma. Alicheka aliposema hivyo. Nafikiri alicheka kweli.

Sitaki uniamini kwa maneno tu. Humu nimeweka picha nne. Mama alinipiga picha hizo kwa simu siku mbalimbali, nikazichapisha studio hapa Ishiara, na nyuma ya kila moja nimeandika nilichokuwa nasikia moyoni wakati huo. Tafadhali sema kwanza unachokiona, kisha ugeuze.

Na kuna jambo moja la haraka. Baba amesema mvua ya Oktoba ikinyesha, akishamaliza kupanda, hatapokea tena mgeni wa jambo hili, milele. Yeye akisema milele huwa ni milele. Mimi naogopa sana.

Kaari


Kianjai
15 Septemba 2024

Kaari,

Muga, mtoto. Huku tuko salama, vumbi tu ndilo linatumaliza. Goti lilisikia salamu zako, likajifanya halijasikia.

Picha zako zilifunga soko. Nilitaka kuziangalia peke yangu, lakini Kathambi ana pua ya mbwa. Tukatandika leso juu ya maharagwe, tukazipanga. Ile ya kwanza umekunja uso, nikasema, "Hapa amekasirika, mtu amemwudhi." Nikageuza, nikasoma: "Nimetulia. Nahesabu mishono." Ya pili unatazama pembeni, Kathambi akasema, "Huyu ana dharau, hebu mwone." Akageuza: "Naogopa. Mbwa wa jirani amefunguliwa." Kathambi akanyamaza, na wewe hujui, lakini Kathambi huwa hanyamazi. Ya tatu meno yote yako nje, nikasema hii hata asiyeona ataijua, hii ni furaha. Nyuma umeandika: "Mama ameniambia nicheke. Viatu vinanibana."

Ya nne niliijua kabla ya kuishika. Macho chini, mdomo umefungwa, uso ule ule wa siku ile. Sikutaka kuigeuza. Kathambi akaigeuza, akasoma kwa sauti: "Mutwiri amepiga simu. Anakuja Jumapili."

Siku hiyo nilimpimia mtu ndengu alipotaka njahi, akili haikuwepo. Miaka yote hii najisifu hapa sokoni, kumbe huenda kuna watu wengi niliowaita wabaya na ni viatu tu vilikuwa vinawabana.

Lakini nikuambie ukweli, bado naogopa, na kwa Kiunga sijapeleka neno. Mutwiri akiwa kazini, wewe na mimi ndio tutakaobaki bomani. Ukiwa na uchungu nitajuaje? Na ukiniudhi, nikakupa tabasamu la sokoni, wewe utajuaje? Sisi huku hatusemi mambo. Tunayaweka usoni, mwenye macho aone. Nimeona maboma yakiharibika hivyo, na hakuna aliyepaza sauti hata siku moja. Sitaki hivyo kwa mtoto wangu, na sitaki kwako.

Basi nami nakutumia zangu, ili tuwe sawa. Tatu alinipiga Kathambi juzi. Nyuma sijaandika kitu, utasema wewe, nami nitakusahihisha kama mwalimu. Ya nne ni ya zamani. Nirudishie, maana ni hiyo tu, na nimeitoa ukutani kwa ajili yako. Ni mimi siku ya harusi yangu. Kathambi anasema nilikuwa malkia.

Mama Mutwiri


Ishiara
22 Septemba 2024

Mama,

Muga. Tuko salama. Mwambie Kathambi simchukii, mbwa yule ni mbaya kweli.

Nimejaribu. Picha ya kwanza, umechoka. Ya pili, umefurahi. Ya tatu sijui, macho yanasema jambo moja na mdomo jambo lingine. Nilimwonyesha Mama, akasema papo hapo, "Huyu anamsengenya mtu." Kama ni kweli, naomba isiwe mimi.

Kuhusu swali lako. Nikiwa na uchungu nitakuambia, "Mama, nina uchungu." Na wewe ukiudhika, niambie, "Kaari, umeniudhi." Sitaona umekosa adabu, nitaona umenihurumia. Na nikiwa sijui, nitauliza. Kuuliza ndiko kunakonisaidia tangu utotoni, ingawa kumenipa fimbo nyingi shuleni.

Basi nauliza. Ile picha ya zamani niliiweka juu ya mashine siku kadhaa. Umevaa gauni jeupe, umeshika maua ya karatasi, unatabasamu. Mama ameiona, amesema una furaha. Dada yangu amesema una furaha. Mimi sijui. Mdomo unatabasamu, lakini tabasamu lako lilishanipoteza mara moja. Na katika barua ya kwanza ulisema uliapa juu ya uso wa msichana asiyetaka. Nimeyaweka hayo mawili pamoja, ndiyo maana nauliza. Siku ile ulitaka kuolewa? Kuna mtu aliyekuuliza?

Picha nairudisha humu. Nimeifunga kwa kadibodi isikunjike.

Kaari


Ishiara
14 Oktoba 2024

Mama Mutwiri,

Nakusalimu. Natumai u mzima, maana sijapata jibu lako. Mutwiri anasema siku hizi unafunga kibanda mapema, na akikuuliza kuna nini, unatabasamu.

Mvua imenyesha. Baba amepanda shamba la juu, sasa anangoja ng'ombe wa kulimia shamba la chini. Mama ananiambia nianze kuzoea. Sijui mtu anaanzaje kuzoea jambo kama hili.

Kama swali langu limekuumiza, nisamehe, sikutaka kukuumiza. Ila niambie kwa maneno. Ukimya kwangu ni kama uso, siwezi kuusoma. Hata ukiandika "Usiniandikie tena" nitaelewa, na sitakuandikia. Lakini andika.

Kaari


Kianjai
21 Oktoba 2024

Kaari mwanangu,

Muga. Sikuwa mgonjwa. Goti leo tuliache.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaitumbukiza ndani ya gunia, nikaitoa tena, nikaikasirikia. Nikasema, huyu mtoto hana adabu, mama wa watu haulizwi jambo kama hilo. Nikakaa na hasira yangu siku kadhaa. Halafu nikaanza kukumbuka, ni nani mwingine aliyewahi kuniuliza. Nikatafuta mmoja mmoja, mama yangu, shangazi zangu, mchungaji aliyetufungisha. Sikumpata.

Hapana, mwanangu. Sikutaka. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nimeahidiwa kwenda Meru mjini kujifunza kushona. Siku wageni walipokuja nilikuwa nimetumwa mtoni. Na sisi huku msichana huulizwa kama wewe, huonja kwanza, ndipo baba anywe. Niliporudi na mtungi wangu mgongoni, baba alikuwa ameshakunywa. Kibuyu nilikikuta pale mlangoni, kitupu, nzi wameshakijia. Mama akaniambia, "Nawa miguu, una wageni." Ndivyo nilivyojua kwamba nimeolewa.

Siku ya harusi mpiga picha akasema, "Bibi harusi, cheka kidogo." Nikacheka. Baba yake Mutwiri, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya. Alinichimbia kisima ili nisiende mtoni, na hakuwahi kuninyooshea mkono. Mara moja tukiwa tumekaa aliitazama ile picha akaniambia, "Mimi nilijua unanipenda tangu siku hiyo, kwa vile ulivyocheka." Nikatabasamu. Ningemwambia nini? Na baadaye nilimpenda, hilo nalo ni kweli, lakini lilikuja lenyewe, polepole, na hakuna aliyelingoja.

Picha hiyo imekaa ukutani miaka yote. Kila aliyeingia nyumbani ameiona, na wote ni watu wanaojua kusoma nyuso. Wewe ndiye usiyejua, na ni wewe uliyeuliza. Nimelia, Kaari. Naandika hivyo kwa maneno kama ulivyotaka. Nimelia mpaka Kathambi akaniletea chai.

Nafikiri siku ile kwenu nilitazama uso wako nikaona ule ambao mimi nilipaswa kuwa nao kwenye picha, kama nisingeambiwa nicheke. Nikamwokoa msichana mwingine, siyo wewe.

Juzi nilikwenda kwa Kiunga. Nikamwambia nilimsoma vibaya mtoto wa watu. Akasema, "Wewe Gladwell? Ukosee?" akafurahi kuliko mtu aliyepewa ng'ombe. Papo hapo akampigia baba yako. Bahati ya Mungu, nasikia ng'ombe wa kulimia walikuwa wamechelewa, na shamba la chini lilikuwa bado. Baba yako, mzee Kivuti, alikaa kimya kwenye simu muda mrefu, Kiunga akadhani mtandao umekatika. Kisha akasema tuje Jumamosi ya kwanza ya Desemba, na kwamba tukileta debe lile lile, atalifungua aone kama bado limejaa.

Ile picha ya tatu nilikuwa namsengenya Kiunga. Mwambie mama yako ana macho.

Mama yako mtarajiwa,
Gladwell


Ishiara
12 Desemba 2024

Mama,

Muga. Mutwiri anasema sasa nalitamka vizuri. Natumai mlifika salama na goti halikudai sana. Hapa tuko wazima. Asali iko stoo. Baba ameipima kwa macho, akaipima kwa kijiko, akaridhika.

Naandika kwa sababu watu wananiambia mambo tofauti juu ya nilichofanya Jumamosi. Shangazi yangu anasema niliwaaibisha. Mama anasema hakuna aibu, lakini aliniambia huku akifuta meza, kwa hiyo sikuuona uso wake, na hata ningeuona nisingejua. Nataka kusikia kwako.

Mimi nilikuwa tayari na jibu langu. Baba akaniuliza, "Kaari, tunywe?" Nikainua macho nikuangalie kwanza, kwa sababu ulipofika uliniambia nikuangalie. Ulikuwa katikati ya wanawake wa kwenu. Mdomo wako ulikuwa unatabasamu na machozi yalikuwa yanashuka. Vyote viwili kwa pamoja. Nikatafuta kichwani kwangu maana yake, sikuipata. Nikafikiri, labda amebadilisha nia, labda ni lile tabasamu la kuniaga. Na tulikubaliana kwamba nisipojua, nitauliza.

Ndiyo maana nikasema, "Baba, ngoja. Mama Mutwiri, na wewe unataka? Tunywe?"

Mzee Kiunga akasema, "Mama wa kijana haulizwi," akakohoa. Baba akanitazama, akamtazama Kiunga, kisha akasema polepole, "Ameshaulizwa. Tumngoje ajibu." Nawe ukatoka pale katikati ya wanawake, ukaja mpaka mbele, ukanichukulia kibuyu mkononi. Ukanywa. Ukanywa kabla ya Baba, kabla ya wazee wote, na hukuonja, ulikunywa. Halafu ukasema, "Kunyweni," kwa sauti ambayo Mama anasema ilisikika barabarani. Wanawake wa pande zote mbili wakapiga vigelegele, na baada ya hapo sikusikia kitu tena, kelele zikinizidi masikio yangu hufunga. Nilisema "Kunyweni" yangu, sijui kama kuna aliyeisikia.

Uso wangu ulikuwa ule ule, Mama. Natumai safari hii uliujua.

Sasa nauliza. Nilikuaibisha? Na yale machozi yalikuwa ya nini?

Mkwe wako,
Kaari


Kianjai
19 Desemba 2024

Kaari mwanangu,

Muga. Niko salama. Goti linasema lilichezeshwa ngoma siku ile bila ruhusa yake, kwa hiyo sasa naandika nikiwa nimelinyoosha juu ya gunia.

Hukuniaibisha. Kiunga alilalamika njia nzima kwamba mila imekwisha, lakini jana nimemsikia kwa masikio yangu akiwaambia wazee hapa sokoni, "Mkwe wetu alimwuliza hata mama." Anajisifu sasa. Subiri, baada ya mwaka atasema ni yeye aliyekufundisha.

"Kunyweni" yako niliisikia, nilikuwa karibu nawe. Na uso wako niliujua tangu mlangoni. Kathambi alininong'oneza, "Mbona amenuna?" Nikamwambia, "Nyamaza wewe, huyo amefurahi mpaka basi." Ona, nimeanza kusoma.

Machozi yalikuwa ya yule msichana aliyetoka mtoni akakuta kibuyu kitupu. Tabasamu lilikuwa langu mimi mwenyewe, na wala hakuna mtu aliyeniambia nicheke. Vilikuja pamoja, nami sikuweza kuvitenganisha. Usijilaumu kwamba hukuelewa. Hata mimi, kama ningejiona kwenye kioo, ningelazimika kuuliza.

Kathambi alinipiga picha pale nilipokuwa nimeshika kibuyu. Ile ya harusi nimeiweka kabatini vizuri, sijaitupa, na nakala ya hii mpya nimeitundika mahali pake. Yako iko humu ndani ya bahasha. Safari hii nimeandika nyuma. Geuza.

Njoo mapema Krismasi tupike pamoja. Nikikuudhi, sema.

Mamako

Nyuma ya picha: "Niliulizwa. Nilitaka."